Masomo ya Hiari na Mafunzo ya Kliniki kwa Wanafunzi wa Famasia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa mwanafunzi wa famasia anayekaribia kujaza fomu ya masomo ya hiari, au aliyekwisha kupangiwa wodi na hajui aanzie wapi. Anayejibu ni msimamizi wa wanafunzi, kwa hiyo utakuta maoni humu, na yapo kwa makusudi. Kuhusu idadi ya krediti, saa na tarehe za mwisho, kanuni za chuo chako ndizo zenye neno la mwisho.

Somo la hiari ni lipi hasa?

Kuna masomo ambayo hakuna mwanafunzi wa famasia anayeyakwepa: famakolojia, kemia ya dawa, utengenezaji wa dawa, famakokinetiki (safari ya dawa mwilini), tiba ya magonjwa, sheria na maadili ya taaluma. Mwenye leseni anatarajiwa kuyajua popote atakapofanya kazi. Somo la hiari ni lile unaloongeza juu ya hayo kwa kuchagua mwenyewe.

Yako ya namna mbili, na wengi huyachanganya. La darasani lina mihadhara, kazi za kuandika na mtihani: sumu na tiba zake, dawa za mifugo, uchumi wa dawa, lishe ya kupitia mshipani. Mzunguko wa hiari ni wiki kadhaa unazokaa mahali pa kazi: wodi ya watoto, kitengo cha saratani, chumba cha wagonjwa mahututi, kiwandani, au ofisi inayofuatilia madhara ya dawa. Mara nyingi fomu zake ni mbili tofauti na tarehe za mwisho hazifanani. Hakikisha unajua unajaza ipi.

Mafunzo ya kliniki huanza lini, na huchukua muda gani?

Inategemea nchi. Marekani, viwango vya ithibati vya mwaka 2016 vilitaka angalau saa 300 za mafunzo ya awali katika miaka ya mwanzo, kisha saa 1,440 za mafunzo ya juu, yaani kama wiki 36. Katika hayo ya juu, maeneo manne hayana hiari: famasi ya jamii (duka la dawa la mtaani), famasi ya hospitali, kliniki za wagonjwa wa nje, na wodi za magonjwa ya ndani. Kinachobaki ndicho cha kuchagua. Uingereza mwanafunzi humaliza shahada ya miaka minne, halafu hufanya mwaka mmoja wa mafunzo kazini kabla ya kusajiliwa. Tanzania na Kenya nazo zina mwaka wa mafunzo tarajali baada ya shahada.

Mfamasia hakuwa wodini tangu zamani. Mwaka 1966, hospitali ya Chuo Kikuu cha California mjini San Francisco iliwapeleka wafamasia ghorofa ya 9, wakae karibu na wagonjwa na madaktari badala ya kubaki dirishani wakitoa dawa. Mwaka 1990 wanazuoni wa famasia Hepler na Strand waliandika kwamba mfamasia anapaswa kuwajibika kwa matokeo ya dawa kwa mgonjwa, na hoja hiyo ikaingia kwenye mitaala mingi duniani. Ukipangiwa raundi ya wodi leo, yaani kuwapitia wagonjwa vitandani pamoja na madaktari, unavuna matunda ya mabadiliko hayo.

Nichague vipi? Orodha ni ndefu na yote yananivutia.

Anza na mgonjwa, jina la somo lije baadaye. Jiulize: ni mgonjwa gani ambaye akiletwa mbele yangu leo nitababaika? Kwa mmoja ni mtoto mchanga, ambaye dozi yake hupigwa kwa kilo na nukta ya desimali ikihama anapata dawa mara kumi. Kwa mwingine ni mzee mwenye vidonge vya aina tisa, au mjamzito mwenye kifafa. Huyo unayemwogopa ndiye akuchagulie somo, maana ukishapata leseni atakuja tu, na hutakuwa na msimamizi wa kumgeukia.

Baada ya hapo chunguza kituo chenyewe. Waulize waliokutangulia: msimamizi anakaa na mwanafunzi kweli, au anasaini tu daftari mwisho wa wiki? Mgonjwa mmoja anafuatiliwa kwa siku ngapi? Mwanafunzi anaruhusiwa kuzungumza na mgonjwa, kupiga hesabu, kuandika mapendekezo, au anasimama tu?

Hapa nitoe msimamo wangu. Wodi ya upandikizaji wa viungo ina jina kubwa, lakini ukiwa mtu wa nane nyuma kwenye raundi na hakuna anayekuuliza neno, utatoka na kumbukumbu ya migongo ya watu. Kliniki ya kawaida ya warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, inaweza kukufundisha mara dufu. Chukua mgonjwa mwenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, ambaye INR yake, kipimo cha damu inavyochelewa kuganda, inatakiwa iwe kati ya 2 na 3. Leo kipimo kinasoma 5. Hajatoka damu popote. Unakaa naye, unamuuliza bila haraka nini kimebadilika, na hatimaye anakumbuka: siku chache nyuma alipewa metronidazo, antibayotiki inayoongeza nguvu ya warfarini, mahali pengine kwa ajili ya tumbo, na aliyempa hakuuliza anatumia dawa gani nyingine. Unampelekea msimamizi jambo hilo pamoja na pendekezo lako, mnakubaliana cha kufanya, na wiki inayofuata mgonjwa yuleyule anarudi, unaona kama mlifanya sawa. Kurudi kwake ndiko kunakofundisha. Chagua mahali ambapo wagonjwa hurudi au hukaa, na ambapo neno lako linasikilizwa hata kama linasahihishwa.

Nimeshajua nataka ubingwa fulani. Nijaze nafasi zote za hiari humo humo?

Hapana. Tuseme unataka saratani. Chukua mzunguko mmoja wa saratani, halafu nafasi ya pili chukua magonjwa ya kuambukiza. Mgonjwa ambaye chembe zake nyeupe zimeshushwa na dawa za saratani akipata homa, miongozo inataka aanze antibayotiki ya mshipani ndani ya saa moja. Mfamasia wa saratani asiyejua antibayotiki atakwama mahali pabaya kabisa. Mwenye nia ya afya ya moyo achukue figo. Anayetaka watoto achukue lishe ya kupitia mshipani. Somo jirani hukuonyesha mgonjwa wako anakoelekea mambo yanapoharibika.

Je, ni lazima nisome somo la darasani kabla ya mzunguko wake?

Vyuo vingine hulazimisha, vingine havilazimishi. Ukiweza, soma muhula mmoja kabla. Ukisoma miaka miwili kabla utakuwa umesahau, na ukisoma baada ya mzunguko utakuwa unajibu maswali ambayo wagonjwa walishakuuliza ukanyamaza.

Siku za mwanzo wodini nifanye nini?

Usikimbilie kuwajua wagonjwa wote ishirini. Omba mmoja, uwe wake.

Soma faili lake lote, si ukurasa wa leo pekee. Andika kilichomleta, magonjwa aliyo nayo tangu zamani, mzio, uzito, majibu ya maabara na kila dawa pamoja na dozi, njia, saa na tarehe ilipoanza. Kisha nenda kitandani. Faili husema alichoandikiwa, na mgonjwa ndiye ajuaye alichomeza. Usimuulize "Unatumia dawa zako vizuri?" kwa sababu karibu kila mtu atajibu ndiyo. Mwambie akueleze siku yake: akiamka anameza nini, kabla ya kulala nini, kipi huwa anakisahau, kipi aliacha na kwa nini. Uliza pia dawa za asili, matone ya macho, sindano za uzazi wa mpango na za kisukari, na zile alizonunua mwenyewe bila cheti. Watu wengi hawavihesabu vitu hivyo kuwa dawa.

Ndipo ukae uulize maswali manne kwa kila dawa: ipo kwa sababu gani, inafanya kazi, ina hatari gani kwake, na anaweza kuitumia kweli? Halafu rudi upande wa pili: kuna tatizo lililoandikwa kwenye faili ambalo halina dawa?

Mfano. Mama wa miaka 72, kilo 48, amelazwa kwa damu iliyoganda kwenye mshipa wa mguu. Ameandikiwa enoksaparini, sindano ya kuzuia damu kuganda, miligramu 50 mara mbili kwa siku, karibu miligramu 1 kwa kilo, dozi ya kawaida ya tiba. Kreatinini yake, taka ya damuni inayoonyesha figo zinavyofanya kazi, ni 1.6 mg/dL, sawa na mikromoli 141 kwa lita. Kwa macho haitishi. Sasa tumia kanuni ya Cockcroft na Gault ya mwaka 1976: toa umri kwenye 140, zidisha kwa uzito, gawa kwa kreatinini iliyozidishwa mara 72, na kwa mwanamke zidisha jibu kwa 0.85. Yaani 68 mara 48 ni 3,264; ukigawa kwa 115.2 unapata 28.3, ukizidisha kwa 0.85 inabaki 24. Figo zake zinasafisha kama mililita 24 kwa dakika. Zikiwa chini ya 30, dozi ya tiba ya enoksaparini huwa miligramu 1 kwa kilo mara moja kwa siku. Ile sindano ya jioni ingeendelea kurundikana mwilini mwa mama mzee, mwenye umbo dogo na figo zilizochoka, na mwisho wake ungeweza kuwa kutokwa damu.

Hesabu hiyo inachukua dakika mbili. Mtaifanya darasani mara nyingi, lakini siku utakapoifanya kwa mtu uliyetoka kuzungumza naye, hutaisahau.

Nimeona kosa kwenye dawa alizoandikiwa mgonjwa. Mimi ni mwanafunzi tu. Niseme?

Sema, na sema leo. Mwone msimamizi wako kwanza. Kama hayupo na dawa iko karibu kutolewa, mwambie mfamasia au muuguzi wa zamu isubiri. Leta ukweli kwa mpangilio: jina la mgonjwa na kitanda, dawa iliyoandikwa, kinachokutia wasiwasi, na unachopendekeza.

Methotreksati ni mfano ambao kila mwanafunzi anapaswa kuubeba kichwani. Kwa baridi yabisi humezwa mara moja kwa wiki. Mtu akiandika kila siku kwa mazoea ya mkono, uboho wa mgonjwa hushindwa kutengeneza damu, na watu wamekufa kwa kosa hilo katika nchi mbalimbali. Ukiliona ukanyamaza kwa kumwogopa daktari, heshima hiyo haimsaidii daktari wala mgonjwa. Sijaona daktari makini aliyemchukia mwanafunzi kwa kumwahi kwenye jambo kama hilo. Na ikitokea umekosea wewe, utasahihishwa na utajifunza, basi.

Daktari bingwa akiniuliza nisichokijua mbele ya watu?

Jibu: "Sijui, nitakuletea jibu kabla ya saa nane." Kisha ulilete kabla ya saa nane. Kubahatisha ni hatari, kwa sababu jibu la kubahatisha linaweza kuandikwa kwenye faili na kugeuka dozi.

Anza kutafuta kwenye rejea za dawa na miongozo ya tiba inayotumika hospitalini hapo, halafu nenda kwenye tafiti zenyewe kama swali ni gumu. Programu za simu zinazoonyesha mwingiliano wa dawa zinasaidia, ila hupiga kelele kwa kila kitu. Kazi yako ni kupambanua lipi ni la mgonjwa huyu. Rifampisini (ya kifua kikuu) pamoja na dolutegraviri (ya VVU) si onyo la kupita: rifampisini hushusha kiwango cha dolutegraviri, na ndiyo maana hutolewa miligramu 50 mara mbili kwa siku badala ya mara moja. Ukileta jibu, leta na hatua ya kuchukua.

Naruhusiwa kufanya nini, na nini sigusi?

Kila unachofanya kinafanyika chini ya leseni ya msimamizi wako. Unaweza kuchukua historia ya dawa, kupiga hesabu, kuandaa dawa ikakaguliwa, kumwelekeza mgonjwa namna ya kutumia dawa yake, na kuandika mapendekezo yatakayosainiwa. Hutoi dawa bila kukaguliwa, hubadilishi dozi kwa uamuzi wako, wala hujitambulishi kama mfamasia. Mwambie mgonjwa wazi kwamba wewe ni mwanafunzi. Akikataa kuhudumiwa nawe, ni haki yake. Mshukuru umwite msimamizi.

Nataka kufanya kazi famasi ya jamii. Wodi zitanisaidia nini?

Sana. Mgonjwa wa wodini ndiye mteja wako wa wiki ijayo. Kwa mwenye nia hiyo ningependekeza mzunguko wa hiari wa afya ya wazee. Utajifunza kuona mnyororo wa dawa unavyojengeka: mtu anapewa amlodipini kwa presha, vifundo vya miguu vinavimba, anaandikiwa furosemidi kwa uvimbe, potasiamu inashuka, anaandikiwa potasiamu. Dawa tatu kwa tatizo moja, na uvimbe ulitokana na dawa ya kwanza. Wewe wa famasi ya jamii una nafasi nzuri kuliko mtu yeyote ya kuliona hilo, kwa kuwa cheti cha kila mmoja kinapita mkononi mwako hata kama kimetoka kliniki tofauti.

Sitaki kuhudumia wagonjwa kabisa. Nataka kiwanda, udhibiti au utafiti.

Ipo mizunguko ya hiari ya huko, na ni halali kuichagua. Ufuatiliaji wa madhara ya dawa ni mlango mzuri. Mpango wa kimataifa wa Shirika la Afya Duniani ulianza mwaka 1968, baada ya maafa ya thalidomaidi, dawa iliyosababisha watoto kuzaliwa na viungo vyenye kasoro, na tangu 1978 kituo chake kinachokusanya ripoti kiko Uppsala, Uswidi. Ripoti hizo huandikwa wodini na madirishani. Aliyewahi kukaa na mgonjwa mwenye vipele na kujaribu kujua ni dawa ipi kati ya tano iliyoleta, husoma ripoti kwa jicho jingine. Kwa hiyo usiichukulie mizunguko ya lazima ya wodini kama adhabu ya kumaliza haraka.

Nimepangiwa kitengo cha saratani na nina mimba, au natarajia kuipata.

Mweleze mratibu wa mafunzo mapema, kabla ya siku ya kwanza. Baadhi ya dawa za saratani zinaweza kumdhuru mtoto tumboni hata kwa kugusana nazo wakati wa kuziandaa. Mratibu ana wajibu wa kukupangia kazi nyingine au kubadilisha mzunguko. Mwenye nia ya kupata mtoto hivi karibuni, wa kike au wa kiume, naye aseme.

Msimamizi hupima nini?

Kila chuo kina fomu yake. Mimi, nje ya fomu, hutazama kama mwanafunzi anarudi kwa mgonjwa wake kesho yake bila kuambiwa. Pendekezo lilikubaliwa jana. Je, dozi ilibadilishwa kweli? Kreatinini imeshuka? Maumivu yamepungua? Wengi hupendekeza vizuri kisha hawafuatilii. Kuchelewa kufika nako huonekana haraka sana, kwa sababu raundi haimsubiri mtu.

Na kama msimamizi hanifundishi?

Zungumza naye wiki ya kwanza, kwa adabu na kwa jambo mahususi: "Naomba dakika 15 kila siku tupitie mgonjwa wangu mmoja." Mara nyingi ametingwa na kazi na ombi dogo analikubali. Bila mabadiliko, mwone mratibu kabla ya nusu ya mzunguko kupita. Malalamiko yanayoletwa siku ya mwisho hayawezi kukurudishia wiki zako.

Naweza kufanya mzunguko ninapofanya kazi ya kulipwa, au chini ya ndugu yangu?

Chini ya ndugu, hapana. Hakuna atakayeiamini tathmini hiyo. Kuhusu mwajiri wako, uliza chuo kwanza. Hatari ni kwamba siku watu wakipungua utarudishwa kwenye kazi uliyoizoea, na saa zitahesabika bila wewe kujifunza kipya.

Naweza kuandika kuhusu wagonjwa kwenye daftari langu au kundi la darasa?

Andika bila jina, namba ya faili, tarehe ya kuzaliwa wala picha. Umri, jinsi, uzito na vipimo vinatosha kwa kujifunza. Ugonjwa wa nadra katika mahali padogo humtambulisha mtu hata bila jina, kwa hiyo huo usiupeleke kwenye kundi la simu hata kidogo. Karatasi zako za raundi zichanwe kwa mashine kabla hujatoka hospitalini.

Niandae nini kabla ya kuripoti?

Barua ya chuo, kitambulisho, koti safi, kikokotoo na kadi ya chanjo. Chanjo ya homa ya ini B kwa kawaida hutolewa dozi tatu ndani ya miezi sita, kwa hiyo ukianza kuitafuta wiki moja kabla ya mzunguko umechelewa.

Nikichomwa na sindano iliyotumika?

Osha mara moja kwa maji yanayotiririka na sabuni, usikamue jeraha. Toa taarifa saa hiyohiyo kwa msimamizi, hata kama raundi inaendelea. Dawa za kukinga maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze haraka iwezekanavyo, na hazianzishwi baada ya saa 72 kupita. Huendelea kwa siku 28. Utapimwa, na mgonjwa aliyekuwa amechomwa sindano hiyo ataombwa apimwe pia. Hakikisha tukio limeandikwa kwenye kitabu cha ajali cha hospitali na chuo kimearifiwa, na uombe nakala.